Kuku wa Miguu Mitatu

Machi 4

Kwako wifi yangu mkorofi,

Za huko? Sisi huku wazima. Mama hajambo, anakula, anagomba, yaani yuko vilevile. Jana kaniambia chai yangu inafaa kuoshea miguu, halafu akanywa vikombe viwili. Barua yako ya mwezi uliopita nilimsomea kwa sauti kama kawaida yetu. Nilipofika pale uliposema unamkumbuka akanikatiza, eti rudia, hakusikia. Nikarudia. Akasema tena hakusikia. Simu haitaki, anasema inameza maneno. Anataka karatasi aishike na kuipapasa, ingawa macho yake siku hizi hayaoni tena herufi.

Mimi nashona sare za shule mpaka nikifumba macho naona marinda. Mashine inaruka nyuzi, mteja anapiga kelele, mama anapiga kelele zaidi ya mteja, siku inaisha.

Sasa wifi, nina swali, na wewe ndiye mtu wa bahari kwenye ukoo huu. Kuna fundi anakuja hapa kutengeneza kitu kidogo nyuma ya nyumba, basi tumebishana. Mimi nasema mchanga wa ufukweni ukiondoka unarudi. Yeye anasema ukiondoka umeondoka. Wewe kutwa uko kwenye ile boti ya bandari unapima kina, lazima unajua. Mawimbi yanauhamishaje mchanga? Unaenda wapi? Na unarudi lini? Usinijibu kwa maneno ya ofisini. Nieleze kama unavyomweleza mtu anayekusikiliza huku anapika. Atakayeshindwa atafua mapazia yote ya nyumba hii.

Usitie wasiwasi, ni ubishi tu.

Wiki iliyopita kaka yako alitimiza mwaka mwingine tangu atuache. Mama na mimi tulikwenda kaburini tukang'oa majani. Mama alimpa habari zote za mtaa, hata ya yule jirani aliyeuza mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mimi niliendelea kung'oa majani. Nilimkumbuka tu.

Ni mimi wifi yako,
Mshonaji

~

Machi 15

Wifi,

Fundi gani huyo? Ubishi wa mchanga, dau la mapazia, na mimi nisitie wasiwasi! Haya, tuyaache. Ana ndevu?

Nakujibu, weka sufuria motoni usikilize. Kwanza jua kwamba wimbi haliji ufukweni limenyooka. Upepo unalisukuma kutoka upande, kwa hiyo linaupanda ufuko kwa mshazari, na chembe za mchanga linapanda nazo. Maji yakirudi hayafuati njia yaliyojia. Yanashuka moja kwa moja, kama maji ya kudekia uliyoyamwaga kwenye mteremko. Basi chembe yako imepanda kwa mshazari, imeshuka wima, imejikuta hatua moja pembeni. Wimbi la pili linaibeba tena hivyohivyo. Ukiichora njia yake utapata meno ya msumeno. Ndiyo kazi ya mchanga kutwa kucha, na ule unaoukanyaga leo si ule wa mwezi jana. Ule ulishapita.

Chini ya maji nako hakutulii. Kila wimbi linapopita juu, maji ya chini yanakwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, kama unavyochekecha unga. Ndiyo maana maji yakipwa unaona mchanga umejipanga matuta madogomadogo. Sasa msimu wa dhoruba, mawimbi makali yanauchimba ufuko na kwenda kulundika mchanga mbele kidogo, chini ya maji. Sisi tunaita fungu. Ufuko unakonda, watu wanapiga mayowe. Bahari ikitulia, mawimbi madogo yanausukuma tena polepole mpaka nyumbani. Kwa hiyo mwambie fundi wako atafute sabuni. Mchanga unarudi. Ni subira tu.

Na hata mto uliokaa kati yetu hauuzuii. Mimi na wewe tunazunguka na basi nusu siku kufuata daraja, mchanga wenyewe unavuka mdomo wa mto kwa kupitia fungu lililozama, unakuja zake mpaka kwangu. Yaani kila chembe ninayoikanyaga huku ilipita kwanza mlangoni kwenu. Mama akifagia uwanja, mimi napokea.

Jambo lenyewe nililotaka kuandika ni hili. Nimemaliza kupaka rangi kile chumba cha nyuma. Nimeweka kitanda kimoja kizuri, godoro jipya, na dirisha linatazama bahari kutoka juu kilimani. Ni cha mama. Wifi, umembeba miaka yote hii tangu kaka aondoke, na hakuna aliyekulazimisha. Inatosha. Wewe bado una nguvu, una mashine yako, na wewe upate maisha yako. Naomba nije nimchukue. Msomee na hapa pia, usiruke.

Wifi yako wa ng'ambo ya mto,
Mpima Kina

~

Aprili 2

Wifi,

Sikuruka. Nilimsomea yote. Pale pa kitanda alinikatiza, akauliza, "Kimoja?" Nikasema ndiyo, kimoja. Akaomba chai. Neno lake lililofuata lilikuwa la kukisuta chakula cha mchana. Kwa hiyo jibu lake ni kwamba yeye si kifurushi. Tulia kwanza.

Fundi hana ndevu. Nimemwambia ameshindwa, kasema hafui pazia hata moja mpaka aone huo mchanga umerudi kwa macho yake. Na mimi hapo nakuuliza tena, bahari inatulia lini hasa? Huku bado inanguruma. Wewe umesema subira, na mimi nasubiri, lakini ningependa kujua.

Swali jingine dogo. Mama ameangusha sahani yake ufukweni, ile nzito ya udongo, mchanga ukaifunika. Kitu kama hicho kinakaa palepale au nacho kinatembea? Anaitafuta sana. Kila maji yakipwa anashuka, anapiga magoti, anapapasa. Nimemwambia nitamnunulia nyingine, akanitazama kama nimemtukana. Nashuka naye, namshika mkono, nguo zote zinalowa.

Fundi anatusaidia mno. Ni mtu mwema, hana makuu, anabeba mizigo tangu asubuhi bila kulalamika. Bila yeye sijui tungekuwa wapi.

Usije sasa. Sare zimenijaa mpaka mlangoni, hutapata hata pa kukaa.

Mshonaji

~

Aprili 19

Wewe mwanamke,

Salamu nitakupa siku nyingine.

Jana nilipotoka kazini nilishuka kutembea ufukweni chini ya kwangu. Nikaokota kipande cha kigae. Manjano. Nikakigeuza, nikaona mkia wa kuku. Mbele kidogo kipande kingine, mdomo na jicho. Leo nimerudi na ndoo, imejaa nusu. Nakaa nao hapa mezani, kuku wa mama, waliokatika shingo na waliokatika miguu, kuku ambao mama aliwachora mmoja mmoja alipokuwa mchoraji kwenye kiwanda cha vigae, kila siku akija nyumbani na kigae kimoja ndani ya mkoba mpaka ukuta wote wa jiko ukajaa. Miaka mingapi tumekuwa tukibishana juu ya ukuta ule, wewe ukitaka kupanua jiko, mimi nikikuambia uniue kwanza? Ulisema umekubali yaishe. Kumbe ulikuwa unangoja nisahau!

"Kitu kidogo nyuma ya nyumba." Jiko ndicho kitu kidogo?

Na ningenyamaza, wallahi ningenyamaza, lakini leo nimemwokota na yule wa miguu mitatu. Unamjua. Kaka alikuwa hajaanza shule, akamnyang'anya mama brashi akamwongezea kuku mguu, na alipoulizwa akasema ili asianguke. Mama akamchoma tanurini hivyohivyo akamweka juu ya jiko, mahali pa heshima. Amefika kwangu mzima. Pembe moja tu ya kigae imemeguka. Miguu yote mitatu ipo. Nilikaa mchangani nikalia kama mtoto, watu wanapita wananitazama.

Umebomoa ukuta wa mama ukamtupa mume wako baharini pamoja na kifusi. Kama unataka kuolewa na huyo fundi mwema asiye na makuu, olewa, nani kakuzuia? Ningekuja na vyombo vya zawadi. Lakini ulishindwa hata kunitumia mimi kigae kimoja? Na unaniuliza habari ya sahani! Mama yangu anatambaa mchangani kutafuta vigae vyake mlivyomtupia, nawe unaniandikia sahani!

Nakujibu swali lako. Kinatembea. Kitu cha udongo kinabingirika na mchanga taratibu, upande uleule, na dhoruba ikiwa kali kinakimbia. Kimefika kwangu na hukioni tena. Mwezi ujao nikipata likizo namfuata mama. Mwandalie nguo zake.

Dada wa marehemu

~

Mei 8

Wifi,

Keti kwanza. Mimi barua yako niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye miguu mitatu nikapiga kelele mpaka mteja akaangusha pini. Unaye? Kweli unaye? Mzima? Matusi yako yote niliyasoma baadaye, kwa utulivu, na ni mengi. Lakini kwanza nilicheka, nikamshukuru Mungu, nikaibusu hiyo karatasi yako mbaya.

Sasa nakueleza, na mama akinilaani kwa kuvunja ahadi basi anilaani. Jiko hatukulibomoa. Bahari imelichukua.

Mwaka jana walijenga ukuta mrefu wa mawe kule kwenye gati, upande wa juu yetu, unaingia ndani ya maji. Tulikwenda hata kushangilia, watoto walipewa soda. Tangu hapo ufuko wetu ukaanza kwenda. Kila siku kidogo. Mwamba uliokuwa umezikwa ukachomoza, ngazi ya chini ikaning'inia hewani, mama akasema ni msimu tu. Akanikataza kukuambia. Alisema, "Huyo binti yangu akisikia atakuja na gari siku hiyohiyo." Ndipo nikakuandikia ule uongo wa ubishi. Nilitaka kujua bila kukuambia. Na wewe ukasema unarudi, ni subira tu, nikaishika hiyo kama dawa ya hospitali. Nikamwambia fundi, umesikia? Mtu wa bahari kasema.

Hiyo Machi, siku mbili tatu baada ya kupata jibu lako, asubuhi tu, nimekaa kwenye mashine, nikasikia kishindo kama lori limemwaga kokoto. Nikatoka. Jiko halipo. Sufuria ya chai ilikuwa inaelea. Mama alikuwa msalani, Mungu mkubwa, la sivyo leo ningekuandikia mengine.

Tangu siku hiyo anamtafuta kuku wa mwanawe. Hataki kuondoka bila yeye. Anasema mtoto aliwahi kupotea sokoni wakarudi nyumbani wakidhani ametangulia, na hatarudia kosa hilo. Anapiga magoti chini ya ule ukingo, wifi, udongo unadondoka juu ya kichwa chake, mimi nimesimama juu yake na sinia nimelishika kama mwavuli. Fundi anapanga viroba vya mchanga, bahari inavipasua, anapanga vingine. Huyo fundi unayeniozesha ni babu wa watu, hana meno ya mbele, magoti yake yakikunjwa yanalia kama mlango. Utamwomba radhi mwenyewe.

Hayo ni ya bahari. Bado ya kwangu.

Barua yako sikumsomea mama. Ilifika, nikamwambia ni karatasi ya bili ya maji, nikaiweka chini ya godoro. Siku zimepita, wifi. Yeye anashuka kupapasa kitu ambacho mimi najua hakipo pale, na mimi namshika mkono na kukaa kimya. Unajua kwa nini? Kwa sababu nikimwambia kuku yuko kwako, ataondoka. Chumba kipo, kitanda kipo, kimoja. Na mimi nipate maisha yangu. Umeandika hivyo kwa wema, najua. Lakini maisha yangu ni yapi? Ni haya. Ni huyu bibi mgomvi na chai yake. Kwetu hakuna tena mtu wa kunifungulia mlango. Kaka yako hayupo, mtoto hatukujaliwa, nyumba ikienda na mama akienda, mimi kwenu ni nani? Nikajiambia siku moja tu zaidi. Halafu moja tena.

Leo ukingo umefika ukuta wa chumba chake. Nimeona ufa unaoingia vidole. Nimejiona mtu mbaya sana. Nakuandikia kabla sijamwambia, na bahasha naitia posta mwenyewe, ili nisirudi nyuma. Nikitoka kupeleka sare kesho, nikirudi tu namsomea. Njoo umchukue. Nguo zake nimezikunja. Usimpe chai ya maziwa mengi, inamsumbua tumbo, hata akikuambia mimi ndiye ninayemnyima.

Wifi yako, kama bado ni wifi yako,
Mshonaji

~

Mei 9

Mwanangu,

Anayeandika ni fundi, maneno ni yangu, mama yako. Ukiona mistari imenyooka kama imepigwa uzi, ujue si mimi. Mke wa kaka yako amekwenda kupeleka sare, tuna muda mpaka atakaporudi, kwa hiyo usitegemee maneno matamu.

Barua yako ya hasira naijua. Nilimsikia mleta barua. Mkwe wangu kaniambia ni karatasi ya maji. Karatasi ya maji haimlizi mtu. Alikwenda kukaa kwenye cherehani akakanyaga, akakanyaga, bila nguo ndani yake, ili nisimsikie. Mimi macho ndiyo yameniishia, masikio ninayo. Kesho yake alipotoka nikapapasa chini ya godoro. Nimelea watoto wawili, najua vitu vinafichwa wapi. Nikamwita fundi anisomee.

Basi nikajua kuku yuko kwako. Nilifurahi, nikaomba maji ya kunywa. Halafu nikaendelea kushuka ufukweni. Kila siku nilishuka, nikapapasa mchanga nikijua hauna kitu. Fundi ananiuliza, mama, unatafuta nini sasa? Nikamwambia afunge mdomo apange viroba.

Sababu ni kitanda chako, mwanangu. Nilikuuliza kupitia kwake, kimoja? Nikajibiwa kimoja.

Mwanangu alipokufa mlikuja wote, mkalia, mkapika, mkaondoka. Sikulaumu, una kazi. Nilimwambia na yeye aende, bado msichana, hana deni na mimi. Akanijibu, "Na chai utapikiwa na nani?" Chai yake ni mbaya. Ilikuwa mbaya siku ile na ni mbaya leo. Nimeinywa kila asubuhi. Na yeye amenishikia sinia juu ya kichwa, akijua kuku hayupo, akiogopa kwamba nitamwacha. Na mimi nilikuwa nimepiga magoti, nikijua anajua, nikiogopa kwamba ataachwa. Tumekuwa wajinga wawili kwenye maji, na fundi shahidi.

Sasa sikiliza. Vitanda viwe viwili. Chumba ni kidogo? Vibananishe. Kama ni kimoja, mrudishe huyo kuku baharini, mimi nitakaa hapahapa nimngoje apite.

Mama yako

Mimi fundi naongeza yangu. Barua ile niliisoma kwa sauti mpaka pale paliponihusu, nikapasoma mara mbili nikidhani ni miwani. Mke wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Anauliza vyombo vya zawadi bado vipo? Pia naomba ieleweke kwamba mchanga haujarudi, kwa hiyo mapazia si juu yangu.

~

Mei 16

Mama, shikamoo. Wifi, na wewe shikamoo, leo unastahili.

Barua zenu zimefika pamoja jana. Nimezisoma mezani na ile ndoo ya vigae iko mbele yangu, na nimeshindwa kwenda kazini.

Kwanza la haraka. Msingoje bahari itulie. Nilichokuandikia, wifi, ni kweli kwa ufuko unaopokea na kutoa. Mchanga unaoletwa na mawimbi kutoka juu sasa umesimama nyuma ya ule ukuta wa gati, umelala hapo kama ng'ombe aliyeshiba. Mbele ya nyumba yenu wimbi bado linachukua kama zamani, na hakuna kinacholetwa. Mlichopewa ni njaa. Kule bandarini karatasi zetu zinasema ukuta huo bado haujajengwa, na kwa kuwa boti yetu haivuki mto, mimi nikaziamini. Nikakuambia subira. Ungekuwa umesimama jikoni asubuhi ile, subira yangu ingekuua. 

Barua hii nampa dereva wa basi ili ifike leo hii, na mkimaliza tu kusoma, hamieni kwa fundi. Msichukue hata kijiko. Mama, ukingo usiusogelee tena, hata kwa kunikomoa mimi. Jumamosi nakuja na lori la ofisi, tutabeba cherehani na kitakachokuwa kimesalia.

La pili. Wifi, mimi ndiye ninayepima bahari kila siku ya Mungu. Nimeokota ukuta mzima wa jiko, vipande vimesuguliwa na mchanga mpaka kingo zake hazikati kidole, na sikujiuliza bahari imevitoa wapi. Bahari inayokimbiza ukuta mzima mpaka kwangu kwa wiki chache ni bahari inayoangusha nyumba. Mtu yeyote wa kazi yangu angeona. Nilikuona wewe na fundi tu. Nisamehe. Umeniuliza kwetu wewe ni nani, na swali hilo nililipanda mimi kwa mkono wangu, nikiandika kitanda kimoja na kujiona nimefanya wema. Nimelia, wifi. Nilidhani nakupumzisha.

Fundi, nimekoma. Vyombo nitaleta, mpe mkeo.

Mama, kuku hawezi kurudi. Nikimtupa leo, mawimbi yatambeba mbele zaidi, kwa watu tusiowajua. Mchanga wa pwani hii unaelekea upande mmoja, na huko ulikokuwa unaelekea ndiko ninakokaa mimi. Kwa hiyo hakuna njia nyingine, ni nyinyi kuja. Hata huku zamu yetu itafika siku moja, lakini nyumba yangu iko juu kilimani na bahari itachoka kabla.

Jana nimetoa meza na kabati kwenye chumba cha nyuma. Seremala ameleta kitanda cha pili asubuhi hii. Vimebanana kweli, mtu akitaka kushuka lazima amwamshe mwenzake, na dirisha linafunguka nusu tu. Kuku nimemwosha. Nimejaribu kumsimamisha juu ya jiko langu, na anasimama mwenyewe, bila kuegemea kitu, nadhani kaka alijua alichokuwa anafanya. Sijampachika. Ukuta wote uko wazi, na vipande vingine viko kwenye ndoo, vinawangoja nyinyi wawili mseme kila mmoja akae wapi.

Wifi, chai utapika wewe. Mimi yangu ni mbaya zaidi.

Binti yako, mama.
Na wifi yako, wewe.